Nyumba ya Wapangaji: Hoteli ya Royal Crescent, Bath

Anayesimama kwenye majani yaliyo chini ya Royal Crescent, mjini Bath, magharibi mwa Uingereza, inambidi aitafute hoteli. Mbele yake zimeshikana nyumba 30, zimepinda kwa umbo la nusu yai, zote za jiwe la manjano iliyopauka, na ukuta wao wa mbele una urefu unaozidi mita 150. Nguzo ni 114. Hakuna nyumba iliyojitokeza mbele ya nyingine, wala paa lililozidi la jirani. Alama ni moja tu, nayo iko katikati kabisa: nguzo, ambazo kwingine zimesimama mojamoja, hapo zimewekwa mbilimbili, na baina ya jozi hizo kuna dirisha la tao. Mwenye haraka hawahi kuliona. Hapo ndipo penye Na. 16, ambayo pamoja na jirani yake Na. 15 ndiyo Hoteli ya Royal Crescent.

Ujenzi wa mtaa huu ulianza mwaka 1767 na ukachukua miaka kama minane, kwa hiyo nyumba zimeshapita miaka 250 zikiwa na watu ndani. Taasisi ikifikia umri huo huandikiwa historia, na historia za majumba yaliyogeuzwa hoteli zimeshapata mtindo wake. Kwanza anatajwa bwana mkubwa na watumishi wake, kisha yanakuja madeni, kisha warithi wanaogombana, na mwisho anatokea mwekezaji na mabomba na mazulia. Msomaji hutakiwa asikitike kidogo, halafu ashukuru kwamba walau paa halikuanguka.

Hadithi hiyo haiingii Royal Crescent. Wako waliokaa hapa miaka mingi, na wako waliofia hapa, lakini mtaa haukujengwa uwe makao ya koo za kurithishana. Ulijengwa ili watu wapange. Hoteli ilipofunguliwa katika karne ya 20 haikuivamia nyumba ya mtu. Iliendeleza biashara ileile iliyokuwa ikifanyika humo tangu chokaa haijakauka vizuri.

Bath ulikuwa mji wa maji moto kabla haujawa mji wa nguzo. Chemchemi zake hutoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, maji yenye nyuzijoto zipatazo 46, na Warumi walishayajengea mabafu makubwa walipoitawala nchi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 18 ulikuwa mji mdogo wa watu elfu mbili au tatu. Sensa ya kwanza ya Uingereza, ya mwaka 1801, iliukuta una watu zaidi ya 30,000. Kilichouvimbisha hivyo ni msimu. Kila mwaka wenye nacho walishuka Bath kuoga na kunywa maji yenye ladha ya chuma, wakisema wamefuata tiba, na wengine kweli walikuwa wagonjwa wa jongo. Lakini kulikuwa na meza za kamari, kumbi za dansi, na wazazi waliokuja na mabinti wa kuozwa. Richard Nash, maarufu kama Beau Nash, aliuendesha msimu huo kwa zaidi ya nusu karne, hadi alipofariki mwaka 1761. Hakuwa meya wala mtukufu wa aina yoyote; alikuwa mcheza kamari aliyejua kuamrisha, na alifaulu hata kuwavua mabwana panga zao kabla ya kuingia ukumbini.

Mgeni wa namna hiyo hakuja kununua nyumba. Alipanga nyumba nzima kama alikuwa na uwezo na msafara mrefu, au ghorofa moja, au chumba kimoja. Katika msimu, bei iliyozoeleka ilikuwa shilingi 10 kwa wiki kwa chumba cha bwana, na shilingi tano kwa chumba cha juu darini alimolala mtumishi wake. Mwenye nyumba au msimamizi wake aliishi humohumo, mara nyingi huko chini jikoni. Ukiondoa kitabu cha wageni mapokezini, hoteli ilikuwa imekwisha kukamilika.

Mtu aliyeuelewa uchumi huo vizuri ni John Wood, mbunifu majengo aliyezaliwa Bath mwaka 1704. Alitaka kuurudishia mji wake sura ya Kirumi, na alikuwa na maono mengine ya ajabu kuhusu makuhani wa kale wa Waingereza ambayo tunaweza kuyaruka. Mwaka 1754 alianza Circus, duara la nyumba lililokatwa na njia tatu, kisha akafariki mwaka huohuo. Mwanawe, naye akiitwa John Wood, alilimaliza duara hilo, akatoa barabara fupi upande wa magharibi, na mwisho wa barabara hiyo akaanza Royal Crescent. Mji ulikuwa haujafika huko. Mbele palikuwa na malisho, na nyumba zikapangwa ziyatazame.

Uamuzi huo ulikuwa wa kibiashara kama ulivyokuwa wa kisanii. Aliyetoka London yenye moshi alipewa mandhari ya shamba bila kulazimika kumiliki shamba. Baina ya majani ya wakazi na malisho ya mifugo ulichimbwa mfereji wenye ukuta upande mmoja, umezama ardhini kiasi kwamba ukiwa dirishani huuoni. Ng'ombe walionekana wanakula chini ya madirisha ya watukufu, lakini hawakuweza kuufikia mlango. Mfereji huo upo mpaka leo. Inasemwa kila mahali kwamba huu ndio mtaa wa kwanza wa nyumba za kushikana kujengwa kwa umbo la mwezi mwandamo nchini Uingereza, na baada yake mtindo ulienea hadi miji mingine ya maji na ya bahari.

Namna mtaa ulivyojengwa inaeleza mengi yaliyofuata. Wood alichora ukuta wa mbele na kuusimamia hadi kitasa cha mwisho. Nyuma ya ukuta huo hakuchora nyumba 30. Aliyechukua kiwanja alipata kipande cha ukuta wa mbele na sharti la kutogusa sura yake, halafu akamtafuta fundi wake mwenyewe, akajenga nyuma alichotaka. Mmoja aliweka vyumba vitatu kwa kila ghorofa, mwingine viwili. Huyu alipeleka ngazi katikati, yule kando. Ukizunguka upande wa nyuma unakuta mapaa yanayopishana, dohani za kila kimo, vyumba vilivyochomoza ovyo na madirisha yasiyolingana. Waingereza wana misemo ya kuucheka mgongo huo, ila mimi naona ndio ulioiokoa nyumba. Mbele hapakuguswa kwa sababu nyuma paliruhusiwa kubadilika. Kila kizazi kilipotaka bafu, jiko jipya au ngazi ya dharura, kilikuwa na upande wa kupeleka fujo zake.

Jiwe lilitoka vilimani karibu na mji. Ralph Allen, aliyepata utajiri wake katika shughuli za posta, alinunua machimbo ya Combe Down na kuwauzia akina Wood mawe. Reli ya mbao iliyashusha kutoka mlimani, na mto Avon, uliokuwa umefunguliwa kwa mashua hadi Bristol tangu 1727, ukayasafirisha mengine mbali zaidi. Jiwe la Bath likiwa limetoka tu chini lina unyevu wake na hukatwa kwa msumeno, kama matumbawe ya Lamu yanavyochongwa kabla hayajakauka, na likikaa hewani linakuwa gumu. Ndiyo maana mafundi waashi waliweza kulichonga katika mikunjo midogo ya vichwa vya nguzo, na kuyapanga mawe ya ukutani kwa viungo vyembamba ambavyo mtu aliye mbali anadhani ukuta ni jiwe moja. Nyuma ya jiwe hilo zuri kuna mawe ya kifusi na chokaa. Ni ukuta wa kujionyesha, na haukuona haya kuwa hivyo.

Tuingie ndani, kwa sababu hoteli ni vyumba. Nyumba ya enzi hizo, za wafalme wanne walioitwa George waliofuatana kuanzia 1714 hadi 1830, ilipangwa kwa cheo kutoka katikati kwenda juu na chini. Chini ya usawa wa barabara kulikuwa na jiko, stoo na ua mwembamba wa mbele uliopitisha mwanga, na chini ya njia ya miguu palijengwa vyumba vya tao vya kuwekea mkaa wa mawe. Ghorofa ya chini ilikuwa na chumba cha kulia na sebule ya kila siku. Juu yake, katika ghorofa ya kwanza, ndipo palipokuwa na heshima yote: dari limeinuka kuliko kwingine kokote, madirisha ni marefu, plasta ya darini imechorwa majani na mashada, meko ni ya marumaru. Mgeni wa usiku alipandishwa huko. Ghorofa ya pili ilikuwa ya vitanda, na madirisha yake ni mafupi zaidi. Darini, nyuma ya ukingo wa jiwe unaolificha paa, walilala watumishi.

Ngazi zinaifuata desturi hiyohiyo. Kutoka mlangoni hadi ghorofa ya kwanza ni za jiwe, pana, zinapanda polepole, kila kidato kimeshikwa ukutani kwa upande mmoja tu na upande wa pili unaelea, umewekewa ukingo wa chuma. Mwanamke mwenye gauni la upana wa mlango alitakiwa apande bila kuangalia miguu. Ghorofa mbili juu zaidi, vidato vinakuwa vya mbao, vyembamba na vya haraka, kwa sababu anayepanda amebeba ndoo. Madirisha nayo ni ya kupandisha na kushusha: kila kioo kinaning'inia kwa kamba, na ndani ya boksi la fremu, pasipoonekana, kuna kipande kizito cha chuma au risasi kinachoshuka kioo kinapopanda. Kamba ikikatika unasikia kishindo ndani ya ukuta na dirisha linakataa kukaa juu. Fundi anayeitwa leo kulitengeneza anafanya kazi ileile ya babu wa babu yake.

Waliolala nyuma ya nguzo hizi katika miaka ya mwanzo walikuwa wapangaji wa kila aina. Mwaka 1772 mwimbaji Elizabeth Linley alitoka usiku katika nyumba ya baba yake, Na. 11, akatorokea Ufaransa na Richard Sheridan, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkubwa wa tamthilia. Mwaka 1778 Visikaunti du Barré, mtu wa ukoo wa kimada wa Mfalme Louis wa 15, aligombana na mwenzake waliyepanga naye nyumba hapa; walipigana kwa bastola kwenye uwanda wa Claverton, na Mfaransa hakurudi. Ugomvi ulitokana na pesa za karata. Elizabeth Montagu, mwanamke aliyewakusanya wanazuoni na waandishi sebuleni kwake bila kuwapa karata wala pombe ya kulewa, anahusishwa na Na. 16 yenyewe, na hoteli imelitumia jina lake kwenye baa. Sijui kama angefurahi.

Neno «Royal» lilikuja baadaye. Mtaa uliitwa Crescent tu hadi mwishoni mwa karne ya 18, alipokuja kukaa Frederick, Dyuki wa York, mtoto wa pili wa Mfalme George wa Tatu. Inasimuliwa kwamba alianza kwa kupanga Na. 1, kisha akachukua Na. 16. Hata mwana wa mfalme, basi, alianza kama mpangaji. Na Charles Dickens alipoandika riwaya yake ya Pickwick mwaka 1836 na 1837, alimleta shujaa wake Bath, akampangishia vyumba vya juu katika nyumba ya Royal Crescent iliyosimamiwa na mama mwenye nyumba, na kumfungia nje mmoja wa wenzake saa za usiku akiwa na nguo za kulalia. Hakuona haja ya kueleza kwa nini vyumba vinapangishwa kwenye mtaa wenye jina la kifalme. Wasomaji wake walijua.

Pesa za kodi hizo zilitoka wapi? Nyingine kwenye mashamba ya Uingereza, nyingine kwenye ofisi za serikali na jeshi, nyingine India. Na nyingine zilitoka kwenye sukari. Bristol, safari ya saa chache kutoka Bath, ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na wenye mashamba ya miwa ya Jamaica na visiwa vya jirani walikuwa miongoni mwa wageni wa kawaida wa msimu. William Beckford, mrithi wa moja ya mali kubwa zilizotokana na mashamba hayo, alikuja kuishi hapohapo Bath, kwenye mtaa mwingine wa mwezi mwandamo, Lansdown. Bunge lilipokomesha utumwa katika makoloni hayo mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walilipwa waliomiliki watu, si watu waliomilikiwa. Vitabu vya sherehe vya mji vilikaa muda mrefu bila kuyataja haya. Ukuta huu hauwezi kuelezwa kwa chokaa na uwiano wa nguzo pekee.

Karne ya 19 ilipitia Bath taratibu. Mitindo ilihamia pwani, Brighton na kwingineko, kwa kuwa madaktari walikuwa wamegundua faida za kuoga baharini na mrithi wa ufalme alikuwa amekwenda huko. Bath ikabaki na maofisa wastaafu, wajane wenye pensheni na wachungaji. Jiwe likaingia masizi hadi likawa jeusi. Wakazi walianza kuchokoza hata ule ukuta wa mbele: walizishusha kingo za chini za madirisha ya ghorofa ya kwanza ili waone majani wakiwa wamekaa, wakaondoa mbao nyembamba zilizogawa vioo na kuweka vioo vikubwa vya kisasa. Mmoja alifanya, jirani hakufanya, na mstari uliokuwa umenyooka nyumba 30 ukaanza kuyumba. Bado unaonekana ukiyafuata madirisha kwa jicho la fundi. Na. 1, ambayo leo ni makumbusho, imerudishiwa madirisha ya asili, ikaonekana ngeni kidogo mbele ya ndugu zake.

Jirani wa Na. 16 upande mmoja aliwahi kuwa Sir Isaac Pitman, aliyetoa mfumo wake wa hati mkato mwaka 1837. Aliishi Na. 17 mwishoni mwa maisha yake. Makatibu muhtasi wa Nairobi na Dar es Salaam waliosoma enzi za taipureta walilijua jina lake kabla ya kulijua la Bath, kwa sababu ndilo lililokuwa juu ya karatasi ya mtihani.

Mji uliozoea wageni ulimpokea mwingine mwaka 1936. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, Italia ilipokwisha kuitwaa nchi yake na Shirikisho la Mataifa kumwacha Geneva na hotuba yake, alikuja Bath, akanunua nyumba ya Fairfield upande wa magharibi wa mji, akaishi humo na jamaa yake hadi 1940. Haikuwa ya fahari ya Royal Crescent, na kuipasha moto kulikuwa ghali kwa mfalme asiye na hazina. Baada ya kurejea kwenye kiti chake aliitoa nyumba hiyo kwa mji, mwaka 1958, itumike kwa ajili ya wazee. Katika wapangaji na wageni wote wa Bath, ni yeye aliyelipa kodi kubwa kuliko wote, tena baada ya kuhama.

Usiku wa 25 Aprili 1942 na ule uliofuata, ndege za Wajerumani ziliipiga Bath. Walikuwa wamechagua miji yenye majengo ya kihistoria, kulipiza kisasi cha kuchomwa kwa mji wao wa Lübeck. Watu zaidi ya 400 waliuawa. Kwenye Royal Crescent mabomu ya moto yalizila Na. 2 na Na. 17 zikabaki ganda: mbele nguzo, nyuma anga. Na. 17 inapakana na Na. 16 kwa ukuta mmoja wa pamoja. Hoteli ya leo huenda ilinusurishwa na unene wa ukuta huo, au na mwelekeo wa upepo, au na watu waliokuwa juu ya mapaa na ndoo za mchanga. Ganda la Na. 17 lilijengwa upya kwa ndani, na mpita njia hawezi kujua ni mlango upi uliokuwa jivu.

Hatari ya pili ilikuja na nia njema. Mwaka 1945 Patrick Abercrombie, mpangaji miji mashuhuri kuliko wote Uingereza wakati huo, alitoa mpango wa kuijenga Bath upya, na ndani yake kulikuwa na pendekezo kwamba Royal Crescent iwe ofisi za halmashauri, ukumbi wa madiwani ukijengwa nyuma ya sehemu ya katikati. Yaani Na. 15 na 16 zingekuwa njia ya kupitia kwenda kulalamikia bili. Fedha hazikupatikana, na mpango ukabaki kwenye karatasi. Kwingineko mjini mambo hayakwenda hivyo. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970 mitaa mizima ya nyumba ndogo za enzi hizohizo, za mafundi na wauza duka, ilibomolewa ili kupisha majengo ya zege, hadi mwandishi Adam Fergusson alipotoa kitabu chake The Sack of Bath mwaka 1973 na mji ukaona haya. Majumba ya wakubwa yalilindwa. Nyumba za waliowahudumia hazikupata mtetezi mapema hivyo.

Katikati ya hayo yote hoteli ilizaliwa kimyakimya. Mwaka 1950 Na. 16 ilikuwa nyumba ya kulala wageni, ya kawaida tu. Mwaka 1971 iliunganishwa na Na. 15. Mwaka 1978 ikanunuliwa na John Tham, mfanyabiashara wa London, na ndipo ukarabati wa maana ulipofanyika, vyumba vikarudishiwa sura ya karne ya 18 na hoteli ikapanda kuwa ya daraja la juu.

Kuziunganisha nyumba mbili za namna hii si kazi ya nyundo. Majengo yote ya mtaa yamo katika daraja la kwanza la ulinzi wa kisheria, na tangu 1987 mji mzima umo katika orodha ya urithi wa dunia. Ukitaka kutoboa ukuta wa pamoja unaanza kwa kugundua kwamba sakafu za pande mbili hazilingani, kwa kuwa zilijengwa na mafundi wawili wasiosalimiana. Kila chumba cha hoteli kinadai bafu, na nyumba haikujengewa bafu kwa kila chumba: maji machafu ya wapangaji wa kwanza yaliteremshwa kwa mkono. Bomba la leo halipiti kwenye dari lenye mashada ya plasta, wala haliruhusiwi kushuka mbele penye nguzo. Linapelekwa nyuma, kwenye upande ule wa fujo, au linafichwa katika vijichumba vilivyokuwa vya kuvalia. Sheria ya moto inataka milango mizito inayojifunga; sheria ya urithi inataka milango ya kale ibaki. Fundi seremala anaingia katikati, anauongezea mlango wa zamani kinga ambayo mgeni haioni. Sakafu ya mbao iliyobeba dansi haikukusudiwa kuzuia sauti ya mgeni wa juu anayetembea na viatu saa saba usiku.

Jinsi ulinzi huo unavyoweza kuwa mkali ilionekana nyumba chache tu kutoka hotelini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Amabel Wellesley-Colley, mkazi wa Na. 22, alipaka mlango wake rangi ya manjano. Milango ya mtaa ilikuwa myeupe. Halmashauri ilimtaka aurudishe, akakataa, shauri likapanda hadi kwa waziri, na waziri akaamua mlango ubaki. Mpaka leo ni wa manjano. Huyu bibi naona alimwelewa Wood kuliko halmashauri: ukuta ni wa wote, ila kila mlango una mwenyewe.

Hoteli nayo imepitishwa mikono. Kampuni ya von Essen, iliyokuwa imekusanya hoteli nyingi za majumba ya kale, iliporomoka kwa madeni mwaka 2011, na Royal Crescent ikauzwa kwa kundi la Topland mwaka uliofuata. Wageni hawakuona tofauti kubwa mlangoni. Leo ina vyumba 45, vingine katika nyumba mbili za mbele, vingine katika majengo yaliyo nyuma, ng'ambo ya bustani kubwa ambayo anayetazama nguzo kwa barabarani hawezi kukisia kama ipo. Mkahawa, bwawa na sehemu ya tiba za maji viko huko nyuma pia, kila kimoja kikitumia uhuru ule ambao Wood aliwaachia wateja wake.

Nyumba nyingi zaidi za mtaa zimegawanywa flati, na chache bado ni za familia moja. Na. 1 iko chini ya taasisi ya kuhifadhi mji, Bath Preservation Trust, na imefunguliwa kama makumbusho tangu 1970: huko unaingia kwa tiketi, unaona meza imeandaliwa kwa chakula kisicholiwa, na kamba inakuzuia usikaribie kitanda. Anayetaka kujifunza samani za mwaka 1776 na aende huko. Anayetaka kujua nyumba hizi zilifanya kazi gani na aende Na. 16 siku ya Ijumaa jioni, watu wanaposhuka na masanduku, mmoja analalamika kwamba chumba chake kinatazama nyuma, mwingine anaulizia chakula kinaanza saa ngapi, na wa tatu analipa zaidi ili apate ghorofa ya kwanza.